Njiwa Kwenye Mchaichai wa Marehemu

Njiwa wa London hawajui kujenga, na nasema hivyo baada ya kuwaangalia kwa miaka mingi kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi zake. Wanaleta vijiti vichache, uzi wa kiatu na kipande cha waya, wanaviacha vilipoangukia, kisha wanataga hapohapo. Mwaka huu wamekuja kwangu, hapa Woolwich, kwenye kona ya roshani, juu ya tambara la kudekia nililolisahau nje. Mimi sina pa kwenda. Nimekaa eda ya mume wangu, na tangu azikwe dunia yangu ni kiti, dirisha, msala na simu. Wanaopiga huniuliza kama nimeanza kuzoea, nami huwajibu nimezoea, kwa sababu jibu hilo linamaliza mazungumzo upesi. Hidaya, binti yangu, amerudi kuishi nami kwa muda, na asubuhi moja alifungua pazia akaniambia, "Mum, kuna pigeon amekalia mop yako." Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba, nikaona haya, halafu kicheko kikageuka kilio. Na aliyenijia moyoni saa ile hakuwa marehemu, Mungu amrehemu na yeye anisamehe. Alikuwa shangazi yangu Mize, na ile miezi ya baridi tuliyokaa naye dirishani Tottenham nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Shangazi alikuwa kizuka mwaka ule. Kwetu Pemba kizuka ni mjane aliyekaa eda: hatoki nje, hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, hakai na mwanamume anayeweza kumuoa, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mumewe, Bwana Khalfan, aliyekuwa dereva wa basi, alifariki Januari, na Shangazi akaingia kizukani kwa ukali ambao hata shekhe hakuutaka. Shekhe alimwambia akiwa na haja anaweza kutoka mchana. Yeye akasema haja zake zote zimeshazikwa. Tulikaa ghorofa ya sita, vyumba viwili na jiko, na lifti iliyokuwa ikifanya kazi inapopenda yenyewe. Mimi ndiye niliyeleta samaki na mchele sokoni, mimi niliyeshusha taka, mimi niliyefungua mlango. Jioni nilikwenda chuo kusoma Kiingereza, maana nilitaka kuingia unesi, na nikirudi namkuta Shangazi kwenye kiti kilekile, sahani ya mchana iko vilevile, wali umekauka juu. Nyumba ile siku zote ilinukia udi na karafuu, na sasa ilinukia rangi ya hita tu. Harufu ile hainitoki puani mpaka leo.

Kila Ijumaa Shangazi alikwangua kadi ya simu akampigia kaka yake, ambaye ndiye baba yangu. Baba aliamini kwamba umbali wa London unatibiwa kwa sauti, basi alikuwa akipiga kelele, na mimi jikoni nilisikia kila neno kama niko naye barazani. "Eda ikimalizika tu, rudini! Mjane na mwanamwali peke yenu huko, mnamngoja nani? Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa!" Shangazi alijibu, "Inshallah, kaka," na "Tutaona, kaka," mpaka yule mwanamke wa kadi alipoingilia kati na Kiingereza chake kututangazia kwamba muda unakwisha. Mimi nilikuwa nasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Shangazi akirudi Pemba na mimi narudi, hilo halikuhitaji kuulizwa, na chuo changu kingebaki habari ya kuwasimulia watu. Lakini nitamwambiaje mtu aliyefiwa kwamba nina shida zangu? Nilinyamaza na uchungu wangu, na nikimpelekea chai namtazama usoni kutafuta dalili. Uso wake haukuwa na dalili yoyote.

Machi ilikuwa inakatika, na huo ambao Waingereza wanauita mwanzo wa machipuko ulikuwa na upepo wa kukata masikio. Kwenye roshani palikuwa na chungu kikubwa cha Bwana Khalfan. Kila majira ya joto alipanda humo mchaichai, kila baridi ukamfia, na kila mwaka alisema mwakani utashika. Majani yake makavu yalikuwa bado yamesimama pale, Shangazi hakutaka yang'olewe. Asubuhi moja niko jikoni nikasikia ananiita kwa sauti niliyokuwa nimeisahau.

"Raya!"

"Abee, Shangazi."

"Njoo uone vioja."

Njiwa alikuwa juu ya chungu, ana kijiti mdomoni, anajizungusha kwenye mchaichai mkavu. Alikiweka kijiti, kikaanguka sakafuni. Akaenda, akarudi na kingine, nacho kikaanguka.

"Fundi gani huyu?" Shangazi akasema. "Khalfan angemfukuza siku ya kwanza."

Siku ile alikula nusu sahani, kiti chake kikahamia dirishani. Mayai yalipotagwa, mawili, meupe, alinikataza kufungua mlango wa roshani hata kwa kuanika nguo, na tukaanika kwenye viti mpaka sebule ikawa kama kwa dobi. Alikaa na tasbihi yake, kioo kikifanya ukungu akikifuta kwa upindo wa kanga, na akawa anazungumza. Alimwita yule njiwa kizuka mwenzangu. "Mwangalie," aliniambia, "hatoki, hajipambi, hana wa kumletea chai. Mimi angalau nina wewe." Mimi nilifurahi kwa kuwa anazungumza, na sikujali anazungumza na nani. Nilianza kununua mkate wa boflo wa moto kwa Mturuki pale chini, kwa sababu akiwa dirishani alikula bila kujijua, macho yako nje na mkono unakwenda wenyewe kwenye sahani. Nilimsogezea siagi. Nilimsogezea yai. Kila alichomaliza nilikiona ni ushindi wangu dhidi ya kile chumba cha uani kilichopakwa chokaa.

Kisha nikaharibu mambo kwa kuwa na macho. Niliona kwamba njiwa wa asubuhi ni wa kijivu mtupu, na wa mchana ana unyoya mweupe begani. Nikamwambia Shangazi, hawa ni wawili, wanapokezana. Akasema nimeanza kuona maruweruwe kwa baridi. Tukakaa kungoja, na haikuchukua muda: akatua wa unyoya mweupe, akainama mara mbili tatu kwa adabu zake, yule wa kijivu akainuka juu ya mayai, akajinyoosha bawa, akaruka kwenda kula. Mume akakaa, akayasukuma mayai chini ya tumbo. Shangazi alitazama mpaka mwisho.

"Kumbe ana mume," akasema.

"Wanasaidiana, Shangazi."

"Nami namwita kizuka mwenzangu! Ana mume anamletea vijiti, anamshikia zamu, na mimi hapa namwonea huruma." Akavuta pazia kwa nguvu hata pete moja ikakatika. "Mwongo mkubwa huyo."

Msicheke. Mimi nilicheka, chumbani, mdomo kwenye mto, lakini baadaye haikuchekesha. Alirudisha kiti chake ukutani, wali ukaanza tena kukauka kwenye sahani, na Ijumaa ile baba alipopiga kelele zake Shangazi hakusema "Tutaona." Alisema, "Sawa, kaka. Katutafutie tiketi." 

Aprili theluji ikaanguka. Nilifungua pazia kidogo, kwa wizi, kuchungulia, na nilichokiona sikuweza kukinyamazia. Shangazi alikuwa sakafuni anachagua mchele, ungo mapajani.

"Wa unyoya mweupe hajaja kushika zamu," nikasema.

"Atakuja. Ndio waume."

"Shangazi, hajaja tangu jana."

Mkono wake ukasimama kwenye mchele. Akauweka ungo chini, akaja, akalifungua pazia lote. Yule wa kijivu alikuwa amejikunyata juu ya mayai, theluji imemtanda mgongoni, upepo unampindua manyoya, naye hasogei. Hatukujua mwenziwe amepatwa na nini, na hatukujua kamwe. Labda paka, labda gari. Shangazi akasema taratibu, "Hajala huyu. Akiinuka mayai yanapoa, asipoinuka anakufa." Akakwenda chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Lile kabati halikuwa limefunguliwa tangu Januari. Akatoka na koti la Bwana Khalfan, lile zito la baridi alilovaa akienda kushika basi la alfajiri, akalikumbatia kidogo, akalinusa kwenye kola. Halafu akafungua mlango wa roshani akatoka nje, yeye, ambaye hata kwenye shimo la taka hakuwa akienda. Akalifunga koti kwenye vyuma vya roshani kwa mikono yake, lizuie upepo, akamwaga mchele na dengu palepale kwenye ukingo wa chungu, ili yule njiwa ale bila kwenda mbali. Aliporudi ndani alikuwa na theluji kwenye kanga ya kichwani na midomo inamtetemeka. "Funga mlango," akasema, "na uweke chai."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Chini yetu alikaa Mama Neema, mtu wa Moshi, jirani aliyekuja na chungu cha ndizi na nyama tangu siku ya matanga, na nyama hiyo aliinunua kwenye bucha la Waislamu kwa ajili yetu. Tulikuwa bado tunakunywa chai tukasikia miguu inapanda ngazi na mlango unapigwa kwa viganja viwili. Nikafungua. Mama Neema alikuwa na nguo zake za kanisani, viatu mkononi, pumzi zimemkauka.

"Dada Mize! Nimemwona baba!"

"Umemwona nani?"

"Mume wako, jamani! Amesimama hapo roshani na koti lake, nimemwona kwa macho yangu nikitoka kanisani! Ananipungia mkono!"

Tukageuka wote. Upepo ulikuwa umeingia kwenye mkono wa koti, unauinua na kuushusha, kwa heshima kabisa. Shangazi alianza kucheka kifuani, kisha kwa sauti, kisha akateleza kwenye kiti akakaa chini sakafuni anajipiga paja, na Mama Neema naye akashuka palepale na gauni lake la kanisani, wakacheka wameshikana. Na mimi nikaona jinsi kicheko kinavyogeuka. Mama Neema aliona kabla yangu, akamvuta kichwa begani kwake. Nikaenda jikoni, kwa sababu kuna vilio vya wakubwa ambavyo mtoto havitazami, lakini mlango niliuacha wazi kidogo.

"Kaka anataka nirudi nyumbani," Shangazi akasema walipotulia.

"Na wewe unataka nini?"

"Hilo hakuna aliyeniuliza."

"Basi mimi nakuuliza, dada yangu."

Nikasikia hita inagonga. "Sijui, Mama Neema. Nikifikiria kutoka hapa mlangoni, miguu inakataa. Kituo cha basi ni yeye, soko ni yeye, ile njia nzima ya kwenda treni ni yeye. Nitatoka nje kwenda kwa nani?"

Siku hiyo baada ya alasiri nilikaa kwenye msala nikaweka nadhiri. Nilikuwa sijawahi kuweka hata moja, nikaogopa kidogo, maana nadhiri ni deni na aliyedaiwa lazima alipe. Nikasema: Mola wangu, mayai haya yakianguliwa na kinda akaruka mwenyewe, nitafunga siku tatu, nami nakuomba Shangazi asirudi. Sikumwambia mtu. Nadhiri haitangazwi.

Yai moja halikuanguliwa kabisa. La pili likatoa kinda mbaya ajabu, kipofu, mwenye manyoya machache ya manjano, na mdomo mkubwa kuliko kichwa. Shangazi alisema mashallah, kwa kumsitiri. Mama yake alimlisha kutoka kooni mwake, akishuka ukingoni kuokota dengu na kurudi hapohapo, nasi tukawa tumepata kazi. Shangazi alijaribu kumpa yule mama mkate wa kumimina, akaukataa. Alimpa wali wa nazi, nikamwambia Shangazi jamani huyu si mgeni wa harusi. Akichambua dengu za njiwa alichambua na zetu, akazipika, akala. Koti lilibaki pale nje hata theluji ilipoyeyuka, kwa sababu baridi ile haikuwa na nia ya kuondoka, na Mama Neema kila akirudi kazini alisimama chini akalipungia mkono. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni vitu viwili kwa pamoja, manyoya ya kinda na Ijumaa zilizobaki, na sikujua kipi kitatangulia.

Alitangulia kinda. Mwisho wa Mei, asubuhi ya jua hafifu, alipanda juu ya bega la koti, akapigapiga mabawa yake ya kijivu, na kabla sijamwita Shangazi akajitupa. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu ya paa la jengo la pili, anashangaa. Shangazi alikuwa nyuma yangu, kumbe, mkono mdomoni. 

Kesho yake nikaamka na saumu yangu. Nikatengeneza chai kama kawaida nisigundulike, nikaiweka mezani na boflo, nikajidai nafuta jiko. Shangazi akatoka chumbani, akaitazama chai.

"Kunywa, Raya, itapoa."

"Tumbo linanisumbua kidogo, Shangazi. Kunywa wewe."

"Mimi nitakunywa baadaye."

Saa zikaenda. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Mchana nikapika wali na samaki, nikampakulia, nikasema mimi nimeshakula jikoni. Akasema ameonjaonja wakati nikiwa naswali. Sahani ikabaki kati yetu, samaki anatutazama. Ilipofika alasiri Mama Neema akaja na vitumbua, akatukaribisha, tukakataa wote wawili kwa pamoja, na sauti zetu zikagongana. Mama Neema akanitazama mimi, akamtazama Shangazi.

"Mbona Ramadhani yenu imepita zamani?" akauliza.

Shangazi akanigeukia polepole. "Raya. Una saumu?"

"Na wewe je, Shangazi?"

"Mimi ni nadhiri."

"Na mimi ni nadhiri."

Akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Ya yule kinda?"

Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yananishuka bila kuitwa. "Niliomba usirudi Pemba. Sitaki kurudi, Shangazi. Nilishindwa kukwambia."

Akaipindapinda ncha ya kanga. "Na mimi niliomba," akasema, "yule mama akiweza kumrusha mtoto wake peke yake, na mimi Mungu anipe miguu ya kutoka mlango huu. Sikuomba kurudi wala kubaki. Niliomba miguu tu." Kisha akaivuta ile sahani ya vitumbua. "Mama Neema, hivi usiondoke navyo. Kuna watu wawili humu watafuturu navyo."

Ijumaa akakwangua kadi yake. Baba akaanza na tiketi, na chokaa, na watu watasema nini, na Shangazi akamwacha mpaka alipovuta pumzi. "Kaka," akasema, kwa sauti ya chini ambayo ilimlazimu baba naye ashushe yake, "chumba hicho muwekee mgeni. Mimi nyumba yangu iko hapa, na mtoto ana chuo." Baba akauliza nani atawaangalia. "Tutaangaliana," Shangazi akasema. Yule mwanamke wa kadi akaingilia kati na Kiingereza chake, na kwa mara ya kwanza nikampenda.

Siku aliyotoka kizukani nilimwogesha, nikamvalisha kanga mpya, tukafukiza udi mpaka Mama Neema aliyekuwa kwa majirani akauliza kama kuna moto. Kisha akafungua roshani, akalifungua koti kutoka kwenye vyuma, akalikung'uta mavi ya njiwa na vijiti, akalivaa. Lilimfika miguuni. Lifti ilikuwa imegoma, tukashuka ngazi mkono kwa mkono mpaka nje, na kwenye kituo cha basi akasimama, akavuta pumzi. Basi lilipokuja akamsalimia dereva kwa Kiswahili, kwa mazoea, naye akamwitikia kwa kichwa. Shangazi aliishi Tottenham mpaka mwisho wake, na amelala London, karibu na mumewe. Ndiye aliyenilelea Hidaya wakati mimi nikiwa zamu za usiku hospitali. Alimfundisha Alhamdu, na kuchagua mchele, alimpikia uji wa futari, na bila shaka alimsimulia habari ya njiwa mara nyingi kuliko mimi, maana wazee wana muda.

Nayaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea wiki hii. Tangu msiba nimekuwa nikizungumza na mdogo wangu wa Pemba, na yeye hapigi kelele, siku hizi simu ni nzuri. Ananiambia eda ikimalizika nirudi, nyumba ipo, Woolwich nimebakiwa na nini? Nami nimekuwa nikimjibu, "Tutaona," na juzi nikamjibu, "Sawa." Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na Hidaya alikuwamo. Jana makinda waliotokea kwenye tambara langu waliruka, wote wawili, mmoja nyuma ya mwenziwe, kwenye upepo wa baridi. Leo asubuhi niliweka chai na mkate, nikamwita Hidaya.

"Not now, Mum. Later."

Mchana nikampakulia wali. "I'm good, Mum. Nimekula kazini," akasema, na leo hakwenda kazini. Alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, tambara la kudekia liko palepale nje, tupu, na mabega yake yamekaza kama yangu siku ile. Mtoto huyu naelewana naye tangu azaliwe hivi: mimi namwambia kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili alichokichanganya nacho. Nikaichukua sahani, nikaifunika na kuiweka pembeni. Sikumuuliza ameomba nini. Nilikaa kwenye kiti changu, nikasema, "Hidaya, mwanangu. Futari nikupikie nini?"

Hakugeuka upesi. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa.

"Uji, Mama," akasema. "Ule wa Bibi Mize. Na usiende."